Sahani za Bi Naima

Sahani ya kwanza ilifika Mtoni Alhamisi asubuhi, umeme ukiwa bado haujakatika. Somoe alikuwa ameketi mbele ya kompyuta kwenye chumba cha uani, miguu kaiweka juu ya kigoda maana sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Kompyuta ile ilifunikwa kitambaa cha kufuma, kama majirani walivyofunika redio zao, na kila alipotaka kuiwasha alikikunja kitambaa na kukiweka juu ya kabati la vyombo la mama yake. Akaingiza disketi iliyoletwa na utingo wa basi la Mwanza. Mashine ikakoroma kidogo, na papo hapo mama yake, Bi Naima, akaita kutoka mlangoni.

"Somoe! Nani kaacha chakula hapa?"

Kizingitini palikuwa na sahani ya bati yenye ua jekundu katikati. Juu yake alilala sato wa kukaanga, mzima, bado anatoa mvuke. Barabarani hapakuwa na mtu ila muuza mkaa, naye alisema hakuona kitu. Bi Naima akamega kipande, akaonja, akasema mpishi kazidisha limau. Mchana wakamla na wali.

Disketi ile ilitoka kwa Kasiani, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambaye Somoe hajapata kumtia machoni. Ndani yake mlikuwa na programu ya Somoe mwenyewe, imerudi nyumbani, na katikati Kasiani ameongeza mistari yake. Amepaona palipokuwa na kasoro, amepatengeneza, na chini ya jina la Somoe ameandika la kwake.

Programu hiyo iliitwa Kiraka. Somoe aliitunga wakati wa mgao mkubwa wa umeme, baada ya kupunguzwa kazi kwenye shirika moja la kutoa mizigo bandarini. Shirika lilikuwa linauzwa, na kiinua mgongo chake kikaja kwa sura ya kompyuta kuukuu iliyokuwa ikikusanya vumbi stoo. Umeme siku hizo ulikatika bila kuaga. Karani yuko katikati ya kuandika, mara giza. Umeme ukirudi, faili limepasuka vipande na kompyuta haitaki hata kulitazama. Kazi ya miezi imekwenda na maji. Zilikuwapo programu za Ulaya za kutibu maradhi hayo, lakini waliozitunga ni watu ambao kwao umeme haukatiki, na zilikuja zimefungwa kama kobe. Ukitaka kujua zinafanyaje kazi, hupaoni pa kuchungulia.

Kiraka kilikuwa wazi. Kila mstari wake, mwenye kujua kazi angeweza kuusoma, kuufuta, kuuandika upya. Kilitafuta vipande vya faili lililopasuka, kikavipima kimoja kimoja na kuvishona mahali pake. Somoe hakukiuza. Alimpa kila aliyekiomba, naye akampa mwenzake, hata kikafika Mbeya na Kigoma kwa mabasi na treni, ndani ya mifuko ya mashati.

Juu kabisa ya mistari aliandika maneno haya: Anayechukua achukue. Anayetengeneza palipoharibika, arudishe alichotengeneza. Sahani hairudi tupu.

Mkataba hakuandika, na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mtu wa pwani tu ndiye angelifanya. Mtoni hata mtoto anayetambaa anajua kwamba jirani akikuletea sahani ya futari humrudishii ikiwa tupu. Unatia kipande cha muhogo, unatia ndimu, ukikosa kabisa unatia chumvi. Kumwandikia mtu mzima mkataba juu ya jambo kama hilo ni kumtukana yeye na mama aliyemlea. Somoe hakutaka kumtukana mtu.

Jioni ile Bi Naima aliosha sahani yenye ua jekundu, akapanga vitumbua juu yake, akaifunika kawa na kuiweka kizingitini. Alipotoka kuswali magharibi kawa lilikuwapo, sahani haipo. Disketi ya pili ya Kasiani ilikuja na alama ya mafuta kwenye lebo na maneno mafupi: vitumbua vimefika, asante.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Aliyetengeneza kitu, sahani yake ilitangulia. Kutoka Mbeya ulikuja wali, kutoka Tanga mkate wa kumimina. Kokushubila, mtunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye hospitali moja huko Bukoba, aliifundisha programu kumtambua mgonjwa aliyeandikwa mara mbili kwa sababu umeme ulikatika kati ya jina lake na la baba yake. Kiraka kilipomshuku mtu, kiliuliza kwenye kioo, kwa maneno ya Kokushubila mwenyewe: "Je, huyu si yule yule?" Sahani yake ilikuja na senene, panzi wa kukaanga wa kwao. Bi Naima aliwatazama kwa heshima, akawafunika, akampelekea jirani Mhaya wa nyumba ya tatu. Lakini sahani ilirudi Bukoba na kaimati zake, tena zile za shira nzito.

Kasiani alifariki wakati wa masika. Utingo wa basi ndiye aliyeleta taarifa. Somoe akalia, Bi Naima akamsomea Fatiha ijapokuwa marehemu alikuwa Mkatoliki. Sato aliendelea kufika, na limau lake lile lile, kwa sababu mistari ya Kasiani ilikuwa bado inafanya kazi. Nyumbani hakuna aliyeliona hilo kuwa ajabu. Bi Naima aliendelea kurudisha sahani, akisema maiti naye ana haki ya jirani.

Kisha akaja Badru.

Badru hakuwa mgeni. Alizaliwa nyumba ya pili, na mama yake alipokuwa akiugua muda mrefu, aliyemlisha ni Bi Naima. Mifupa ile imejengwa na ugali wa nyumba ile. Akasoma, akaenda ng'ambo, akarudi na tai shingoni na namna mpya ya kukaa kwenye kiti, kama anayekipima. Alikuja siku ya Idi, akapiga goti mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko hawali?"

Akala biriani mpaka akalegeza mkanda. Akamwambia Somoe kasikia habari za Kiraka mpaka London, akaomba nakala. Somoe akampa, na disketi mpya juu yake, maana ile aliyokuja nayo ilikuwa na mikwaruzo. Mfadhili mbuzi, walisema wazee, binadamu ana maudhi. Walisema, nasi tukasikia, na bado tunawafadhili.

Haikupita muda kampuni ikafunguliwa Kinondoni, ghorofani, ikiitwa Mwambao Kompyuta. Ilikuwa ikiuza kitu kinachoitwa Daktari Faili. Daktari Faili alikuwa Kiraka, mstari kwa mstari, ila majina ya watu yamefutwa, maneno ya juu yamefutwa, na mistari yote imefungwa asiweze mtu kuisoma. Badru alikuwa ameongeza kitu kimoja tu, neno la siri la kuingilia. Mabenki yakanunua. Mawakala wa mizigo Kurasini wakanunua. Zilikuwa siku za ruksa, kila biashara imefunguliwa, na mwenye tai haulizwi alichobeba.

Sato wa Kasiani aliacha kufika wiki hiyo hiyo. Somoe alipojua kwamba ni kwa sababu jina la marehemu limefutwa, akasema, "Huyu wamemuua mara ya pili." Alikuwa na hasira, na hakuificha.

Halafu sahani zikaanza kuondoka. Ya kwanza iliondoka Jumatatu mchana, na wali wake na mchicha wake. Somoe alibaki ameshika tonge. Bi Naima akautazama mkeka pale sahani ilipokuwa.

"Mtu kauza kitu chako," akasema, akaenda jikoni kuleta nyingine.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila Mwambao walipotia saini na mteja, sahani moja ilitoka nyumba ya Bi Naima. Ikiwa kabatini ilitoka tupu, ikiwa mkekani ilitoka na chakula, ikiwa mkononi mwa mtu ilimwachia vidole. Mtoni walianza kujua biashara ya Kinondoni inakwendaje kwa kutazama kabati la Bi Naima. Zilikwenda za bati, zikafuata za udongo zilizotoka Unguja na bibi yake, zile ambazo hazikuwa zikitolewa hata kwa wageni. Wakahamia kula kwenye sufuria. Sufuria nayo ilipoanza kuhesabiwa sahani, wakakata majani ya mgomba.

Majirani mwanzoni walikuja na vyombo vyao, kama ilivyo ada, ukiishiwa unaazimwa. Lakini kilichovuka kizingiti cha Bi Naima kilikuwa cha Bi Naima, nacho kikaondoka na vingine. Jirani Mhaya akapoteza sahani zake za harusi. Hakugomba. Alisema tu, "Bibi, mie nakupenda, ila mniwie radhi," na kuanzia hapo wakawa wanasalimiana dirishani. Nyumba iliyokuwa haipiti siku bila sahani kutoka na kuingia, sasa hata kawa liliota buibui. Hilo ndilo lililomuuma Somoe kuliko wali alionyang'anywa.

Angevumilia, pengine. Watu wetu ni hodari wa kuvumilia, ndiyo maana wanaibiwa na watu waliowalea. Lakini Kokushubila akapiga simu. Alipiga dukani kwa Mzee Khalfani, muuza vipuri wa pale njia panda, naye akamtuma mtu kumwita Somoe mbio.

"Dada, hospitali tumefungiwa mafaili," Kokushubila akasema, sauti yake ikija na kukatika.

Wafadhili waliileta Daktari Faili pamoja na kompyuta mpya, wakaitoa Kiraka. Daktari akashona mafaili yote ya wagonjwa wa kifua kikuu vizuri kabisa, kisha akayatia kufuli lake. Mkataba wa wafadhili ulipokwisha, kufuli halikufunguka. Hakuna aliyejua nani yuko kwenye dawa ya mwezi wa pili na nani ya mwezi wa sita. Kiraka cha zamani hakikusaidia kitu, maana chenyewe kilijua kushona kilichopasuka, hakikujua kuvunja kufuli.

"Na unajua kinachoniudhi?" Kokushubila akasema. "Nikiiwasha, kabla haijanikatalia, inaniuliza. Je, huyu si yule yule? Maneno yangu. Inaniuliza kwa maneno yangu, halafu inanifungia mlango."

Somoe alikwenda Kinondoni kesho yake. Alivaa baibui jipya na hakunywa hata chai. Alitaka jambo moja, mafaili ya Bukoba yafunguliwe na programu ibaki wazi kama alivyoitoa, na njia nzima alilirudia moyoni ili hasira isimpotezee maneno.

Ofisi ya Badru ilikuwa na kiyoyozi. Sahani zilipangwa sakafuni mpaka karibu na dari, zikazunguka kuta tatu, na katibu muhtasi alipita katikati yake kwa ubavu. Badru alikuwa anakula maini na chapati juu ya sahani yenye mstari wa buluu, ile iliyomeguka ukingo siku Somoe alipoiangusha utotoni.

"Karibu dada Somoe. Karibu tule."

"Hiyo ni ya mama."

"Najua." Akaendelea kumega. "Zinakujaga zenyewe. Tukisaini tu, hiyo hapo mezani. Mie sijamtuma mtu."

"Zirudishe basi."

"Nilishawahi kujaribu. Nilimpa dereva apeleke Mtoni, alivyofika Chang'ombe gari tupu." Hakuonekana kusema uongo.

"Haya, sikuja kwa sahani," Somoe akasema. "Kuna hospitali Bukoba, wagonjwa wao umewafungia. Wafungulie. Halafu rudisha majina ya watu, na kitu ukiache wazi kama nilivyokupa. Kuuza uza, sikukatazi. Ila kiache wazi."

"Dada, hapo ndipo pagumu. Nikikiacha wazi nani atanunua?"

"Mistari hukuandika wewe, Badru."

"Mie nimeweka mlango. Siku hizi watu wananunua mlango."

"Umekula kwetu."

"Nimekula, na siwezi kukana. Mama nampenda mpaka kesho. Lakini hii ishu nyingine, hii ni biashara."

"Wewe ni mwizi," Somoe akasema, kwa sauti ambayo katibu muhtasi aliisikia na kuacha kupiga chapa.

Badru akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei, akainuka kwenda kunawa. Somoe akamwaga maini yaliyobaki kwenye kapu la takataka, akaikumbatia sahani yenye mstari wa buluu na kuteremka ngazi. Alipofika chini alikuwa amekumbatia hewa. Akarudi Mtoni.

Alikwenda pia kwenye ofisi moja ya serikali mjini, iliyosemekana kushughulikia mambo ya namna hiyo. Afisa alikuwa kijana mpole. Alisoma ukurasa wa mwanzo wa Kiraka ambao Somoe aliuchapisha, akarudia kuusoma.

"Sahani hairudi tupu," akasema. "Mama, hii ni methali. Methali haina mwenyewe. Ungeandika kwamba haki zote zimehifadhiwa."

"Sikutaka kuhifadhi. Nilitaka kugawa."

"Basi si umegawa?"

Kuhusu vyombo, alimshauri aende polisi na risiti. Wakati huo umeme ukakatika, ukarudi, na kompyuta ya afisa ikaanza kushona faili alilokuwa akiliandika. Kwenye kioo likaja swali: Je, huyu si yule yule? Afisa akabonyeza ndiyo bila kulisoma. Somoe alilisoma. Akaomba ruhusa, akatoka.

Kule Bukoba, Kokushubila alikaa na wauguzi wakaandika upya wagonjwa wao kwa kuwakumbuka. Waliokumbukwa waliendelea na dawa. Wengine hawakukumbukwa, au walikumbukwa kwa sura bila jina, na hao hawakurudi kuuliza.

Mwaka ule ule Salma, mdogo wake Somoe, akachumbiwa, na Bi Naima akaapa kwamba harusi ya mwanawe wa mwisho watu hawatakula kwenye majani kama mbuzi. Kwa majirani sahani hazikuazimika tena. Ikabidi kukodi, na aliyekuwa anakodisha kwa wingi Temeke nzima alikuwa ni mmoja. Ghala la Mwambao lilikuwa limejaa, Badru akaona asiache mali ilale, akafungua kitengo cha vyombo vya shughuli.

Lori liliingia mtaani asubuhi ya harusi. Bi Naima alisimama mlangoni akizipokea, na kila aliyoishika aliitambua. Hii ya bibi. Hii nilinunua kwa Mgoa, Salma yuko mgongoni. Hii, masikini, ya Kasiani. Hakuna iliyotoweka siku hiyo, kwa kuwa zilikuwa tayari ni za Badru. Watu wakala pilau, vigelegele vikapigwa, jirani Mhaya akavuka kizingiti kwa mara ya kwanza tangu apoteze vyombo vyake, akala juu ya sahani zake mwenyewe na kusifu nyama.

Siku iliyofuata alikuja msimamizi, kijana nadhifu aitwaye Didas, na masharti yake kwenye ubao wa kushikia karatasi. Vyombo virudi vimeoshwa. Vyombo virudi vikavu. Vyombo virudi vitupu. Alizipokea sahani akipitisha kidole juu ya kila moja, Somoe akimpa, mpaka ikabaki ya mwisho, nayo ilikuwa mikononi mwa Bi Naima. Juu yake palikuwa na kitumbua.

"Mama, hiki hapana," Didas akasema kwa adabu. "Masharti yanasema tupu."

"Mpelekee Badru," Bi Naima akasema. "Anavipenda tangu mdogo."

"Siruhusiwi, mama. Nitakatwa mie."

Bi Naima hakuiachia sahani. Alisimama nayo mikono yote miwili, kanga yake ya harusi bado kiunoni, akamtazama kijana, akalitazama lori. Injini ilikuwa inanguruma, na wapita njia walianza kupunguza mwendo. Somoe alihisi ile hasira ya Kinondoni ikimpanda tena, na safari hii haikujua imwendee nani. Akakitwaa kitumbua, akakila chote hapo hapo amesimama, akapangusa mafuta kwa ncha ya kanga, akaivuta sahani kutoka mikononi mwa mama yake na kumkabidhi Didas.

Didas akaitazama juu na chini, akaiweka pamoja na nyingine, akamtaka Somoe atie saini. Somoe akatia. Lori lilipoondoka Bi Naima alikuwa bado amenyoosha mikono.

"Nyumba yangu," akasema. "Mwanangu wa kumzaa, kwenye nyumba yangu, unamrudishia mtu sahani tupu."

Akaingia ndani akafunga mlango.